Asali, achari na mahindi: Ni chakula kipi hudumu bila jokofu Ukambani?

KATIKA vijiji vingi vya Kitui na Makueni, chupa ya jemu au ya sosi ya nyanya ikishafunguliwa hurudishwa pale pale ilipotoka, kabatini kando ya chumvi na majani ya chai. Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa huagiza kwamba baada ya kufunguliwa ihifadhiwe mahali penye baridi. Lakini nyumba nyingi hazina jokofu, na katika sehemu kama Kibwezi, Makindu na Mutomo joto la mchana hupita nyuzi 30 mara kwa mara.

Je, anayekula kutoka chupa hiyo baada ya wiki mbili au tatu anajihatarisha?

Jibu ni kwamba hutegemea kilichomo chupani, na hasa kiasi cha maji ambacho viini vinaweza kutumia ili kuzaana. Baridi hupunguza tu kasi ya viini hivyo. Chakula kikavu, chenye sukari nyingi, chumvi nyingi au ukali wa siki huweza kujilinda chenyewe kwa muda bila baridi. Chakula kilichobeba maji mengi na kisicho na kinga hizo huharibika upesi, hata kikiwa kimefungwa vizuri.

Wakazi wa Kitui na Makueni wana sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengi. Mwaka 2004, watu 125 walifariki Mashariki mwa Kenya kutokana na chakula kilichoharibiwa na unyevu. Chakula hicho hakikuwa cha chupa. Kilikuwa mahindi, chakula ambacho hakuna mtu hukifikiria anapozungumza juu ya jokofu.

Maji, sukari, chumvi na siki

Viini vinavyoharibu chakula ni vya aina tatu: bakteria, hamira na kuvu. Vyote huhitaji maji. Bakteria ndio wenye kiu kubwa zaidi. Hamira huridhika na maji machache kuliko wao, na kuvu huweza kuishi mahali pakavu kiasi ambapo bakteria wengi hawawezi kuzaana. Ndiyo sababu mkate uliosahaulika huota ukungu kabla ya kunuka, ilhali mchuzi huchacha kabla ya kuota ukungu.

Sukari na chumvi hufanya kazi moja: huyashika maji yaliyomo katika chakula yasipatikane kwa viini. Siki, ndimu na ukwaju hutumia njia nyingine. Ukali wake huzuia bakteria wengi kuzaana, akiwamo yule wa hatari zaidi katika vyakula vya mikebe na chupa, Clostridium botulinum, ambaye hutoa sumu inayolegeza misuli hadi mgonjwa akashindwa kupumua.

Wahenga wa Ukambani hawakuwa na vipimo vya maabara, lakini walizijua kanuni hizi kwa vitendo. Nyama ilikatwa vipande vyembamba ikaanikwa. Kunde na mbaazi zilikaushwa. Asali iliwekwa katika vyombo vilivyofunikwa, ikakaa miaka.

Asali na jemu

Asali, ambayo Kitui inasifika kwayo kote nchini, ni mfano mwafaka. Asali iliyokomaa huwa na maji yasiyozidi asilimia 20, na mengine yote karibu ni sukari. Hakuna bakteria anayeweza kuzaana humo. Haihitaji jokofu kabla ya kufunguliwa wala baada ya kufunguliwa, na ikiganda haijaharibika. Ni sukari yake tu iliyotengana na maji, na ukiiweka chupa katika maji ya uvuguvugu huyeyuka tena.

Lakini ongeza maji katika asali hiyo hiyo, na mambo hubadilika kabisa. Hamira iliyokuwa imelala huamka, na kwa siku chache tu mchanganyiko huanza kutoa povu. Wazee wa Kikamba waliijua siri hiyo, ndivyo walivyopata pombe yao ya asali. Kwa hiyo asali iliyovunwa kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta, au iliyochotwa kwa kijiko chenye maji, huweza kuchacha chupani.

Onyo moja huhusu watoto wachanga. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapaswi kulambishwa asali hata kidogo, kwa sababu mbegu za Clostridium botulinum zilizolala ndani ya asali huweza kuamka katika utumbo wake ambao haujakomaa. Kwa mtu mzima mwenye afya mbegu hizo hazina madhara.

Jemu hufuata kanuni ile ile, ila kinga yake ni pungufu kidogo. Jemu ya kawaida, ambayo sukari yake ni kiasi cha asilimia 60 au zaidi, huweza kukaa nje ya jokofu kwa wiki kadhaa baada ya kufunguliwa iwapo nyumba haina joto kali na kijiko kinachoingizwa ni kikavu na safi. Adui wake ni kuvu. Jemu ikiota ukungu, usikwangue juu na kula iliyobaki, kwani nyuzi za kuvu huwa zimekwisha kupenya chini bila kuonekana. Itupwe yote. Nayo jemu iliyotengenezwa kwa sukari kidogo, ambayo siku hizi hupendwa na wanaojali afya, haina kinga ya kutosha. Hiyo yahitaji jokofu, au inunuliwe katika chupa ndogo inayokwisha kwa siku chache.

Jambo hilo lahusu pia maembe, tunda ambalo limeipa Makueni jina. Tangu mwaka 2017, kiwanda cha kaunti hiyo kilichoko Kalamba kimekuwa kikisaga maembe ya wakulima kuwa rojo. Rojo ya maembe si jemu. Ina maji mengi na sukari ya tunda pekee. Ikiwa imefungwa kiwandani kwa utaratibu wa kuua viini, hukaa miezi mingi bila baridi; pakiti ikishafunguliwa hugeuka kuwa chakula kibichi, na bila jokofu yafaa itumiwe siku hiyo hiyo.

Achari, sosi na mayonezi

Achari ya maembe ina kinga tatu kwa pamoja: chumvi, ukali na mafuta. Hukaa vyema kabatini muradi vipande vimezama chini ya mafuta au siki. Kipande kinachojitokeza juu ndicho huota ukungu kwanza, hivyo kila baada ya kuchota ni vyema kuvisukuma chini na kuhakikisha vimefunikwa.

Sosi ya nyanya ya dukani ina siki, sukari na chumvi. Iliyofunguliwa huweza kukaa nje kwa muda wa kama mwezi mmoja mahali pasipo joto kali. Zaidi ya hapo hubadilika rangi na ladha, na katika joto la Kibwezi muda huo hupungua. Hatari kubwa si chupa ya nyumbani bali ile ya kibanda cha chipsi. Muuzaji akiongeza maji katika sosi ili imtoshe wateja wengi zaidi, huwa ameipunguza sukari, chumvi na siki kwa mpigo mmoja. Sosi nyepesi inayokaa juani kutwa nzima, ikijazwa juu ya masalio ya jana bila chupa kuoshwa, haina tena ile kinga iliyotoka nayo kiwandani. Kofia ya chupa ikitoa mlio wa hewa inapofunguliwa, au sosi ikitoa mapovu, iachwe.

Mayonezi ni habari nyingine. Ile ya kiwandani huwa na siki, lakini ina pia mayai na mafuta, na chembe za mkate au kachumbari zikiingia humo kwa kijiko, kinga hiyo hupungua. Asiye na jokofu anunue pakiti ndogo ya mlo mmoja. Mayonezi ya kutengeneza nyumbani kwa mayai mabichi haifai kuwekwa nje hata kidogo.

Kitu cha kuogopwa zaidi ni kitunguu saumu kilichopondwa na kutiwa katika mafuta. Mafuta huzuia hewa, saumu ina maji na haina ukali, na mazingira hayo ndiyo Clostridium botulinum hupenda. Sumu yake haina harufu wala ladha. Saumu ipondwe ile inayotosha mlo wa siku hiyo, nyingine ibaki na maganda yake.

Siagi ya karanga

Siagi ya karanga huonekana kuwa salama kuliko zote. Maji yake ni machache mno hata bakteria hawawezi kuzaana. Chupa iliyofunguliwa hukaa kabatini kwa miezi miwili au mitatu, na kinachoiharibu kwa kawaida ni mafuta yake kuanza kuvunda kwa joto na mwanga. Kwa hiyo haihitaji jokofu.

Hata hivyo, mwaka 2019 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, lilipiga marufuku chapa kadhaa za siagi ya karanga, na mwezi wa Novemba mwaka huo likasimamisha chapa tano za unga wa mahindi. Sababu ilikuwa moja: sumu iitwayo aflatoksini, ambayo kwa Kiswahili imepewa jina la sumukuvu.

Sumu hii haiingii chupani baada ya kifuniko kufunguliwa. Huwa imeingia kitambo, karanga au mahindi yakiwa bado shambani au ghalani. Huzalishwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus, ambaye hushambulia mmea uliodhoofishwa na ukame na kuendelea kuzaana katika nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Sumu hiyo ikishaingia, jokofu haliiondoi. Wala moto hauiondoi: hustahimili joto la jikoni, iwe ni kuchemsha, kusonga ugali au kukaanga.

Ilianza kujulikana mwaka 1960 nchini Uingereza, ambako zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka ng'ambo. Ukambani haikuchelewa kufika. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, watu 20 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na 12 wakafariki.

Mahindi ya mwaka 2004

Mkasa uliofuata ulikuwa mkubwa zaidi. Mnamo Aprili 2004, hospitali za Makueni na Kitui zilianza kupokea wagonjwa wenye macho ya manjano, matumbo yaliyovimba na kutapika. Ilidhaniwa ni homa ya ini ya virusi, lakini vipimo havikuonyesha virusi hivyo. Kilichowaunganisha wagonjwa kilikuwa chakula chao. Kufikia Julai 20 mwaka huo, watu 317 walikuwa wameugua na 125 kufariki. Zaidi ya robo tatu ya wagonjwa walitoka wilaya hizo mbili.

Wachunguzi wa Wizara ya Afya na wenzao wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, walipima mahindi 350 ya aina mbalimbali kutoka kwa wauzaji wa masoko 65. Asilimia 55 yalikuwa na sumu kuliko kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, mikrogramu 20 kwa kila kilo. Asilimia 35 yalipita mikrogramu 100, na asilimia 7 yalipita 1,000. Kiwango kinachoruhusiwa sasa nchini ni mikrogramu 10.

Swali lililobaki lilikuwa kwa nini jirani mmoja aliugua na mwingine akapona, wote wakiwa wamelima bonde moja. Uchunguzi uliolinganisha familia zilizougua na zisizougua ulionyesha kwamba hatari iliwaandama zaidi waliohifadhi mahindi ndani ya nyumba badala ya ghala la nje, na waliokula mahindi ya shamba lao yaliyokuwa na unyevu.

Mtu asiwahukumu kwa haraka. Katika eneo ambalo mvua hukosekana msimu baada ya msimu, gunia la mahindi ni mali. Likiachwa nje laweza kuibwa. Mwenye njaa huvuna mapema, akaliingiza chumbani analolala, akaliegemeza ukutani. Sakafu ya udongo hutoa unyevu, mlango hufungwa usiku, hewa haipiti. Aliyekuwa akilinda chakula cha watoto wake dhidi ya mwizi hakujua kwamba alikuwa akikifuga kuvu. Na alipoona punje zenye rangi ya kijani kibichi au ya kijivu, aliziosha, akazikausha, akazisaga, kwa sababu hakuwa na nyingine. Serikali ililazimika kupeleka mahindi mengine badala ya yale yaliyoharibika.

Si Kenya pekee. Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya kati nchini Tanzania, ikiwamo Dodoma na Manyara, na 20 wakafariki. Na hata pasipo vifo vya ghafla, sumukuvu inayoliwa kidogo kidogo kwa miaka huongeza hatari ya saratani ya ini.

Kinachoweza kufanywa

Tangu wakati huo yamepatikana maarifa mapya. Watafiti waligundua kwamba kuvu wa eneo hili walikuwa wa aina kali isiyo ya kawaida, na kwamba wapo pia kuvu wa jamii hiyo hiyo wasiotoa sumu. Hao wasio na sumu hupandishwa katika punje za mtama na kunyunyizwa shambani kabla ya mahindi kukomaa, ili wachukue nafasi ya wenye sumu. Dawa hiyo, Aflasafe, iliidhinishwa nchini mwaka 2015, na Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, lina kiwanda chake katika kituo cha Katumani, Machakos.

Ipo pia mifuko maalumu isiyopitisha hewa, ambayo huua wadudu kwa kuwakosesha pumzi. Lakini mifuko hiyo hulinda tu mahindi yaliyokauka. Nafaka yenye maji ikifungiwa humo hubaki na maji yake.

Kukausha basi ndilo jambo la kwanza. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Yaondolewe yaliyovunjika, yaliyotobolewa na wadudu na yaliyobadilika rangi. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Kukoboa mahindi ili kupata muthokoi hupunguza sumu, kwa sababu nyingi huwa katika ganda na kiini, lakini hakuimalizi, hivyo mahindi yaliyooza yasikobolewe kwa matumaini hayo. Wala yasipewe kuku au ng'ombe: ng'ombe wa maziwa akila sumu hiyo, sehemu yake hurudi kwa watoto kupitia maziwa.

Mkulima atajuaje kwamba mahindi yamekauka ya kutosha? Kiwango kinachotakiwa ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na kipimo cha mashine hakipatikani kila boma. Lakini ipo njia ya kienyeji inayofundishwa na maafisa wa kilimo, na vifaa vyake viko jikoni. Chukua chupa tupu ya jemu yenye kifuniko, iliyooshwa na kukauka kabisa. Tia mahindi hadi theluthi moja, kisha vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika mbili au tatu, uiache itulie kwa dakika 15.

Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu uliopita asilimia 15. Yarudi juani. Isipogandamana, yamekaribia, na siku moja au mbili zaidi za jua zitayafikisha panapotakiwa kabla ya kuingizwa ghalani.

Kwa nyumba isiyo na jokofu, kanuni za kukumbuka ni chache. Nunua chupa ndogo. Tumia kijiko kikavu na ufunge kifuniko mara moja. Usiongeze maji katika kitu kilichotengenezwa kudumu. Vyakula vyenye maji, kama rojo ya maembe na maziwa, vyaweza kupozwa kidogo katika chungu kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa, kwa kuwa hewa kavu ya Ukambani hufyonza maji na kuondoka na joto. Lakini karanga, unga na mahindi visikaribishwe hapo. Makao yavyo ni mahali pakavu. Na ye yote anayeona macho ya jamaa yakigeuka manjano baada ya kula mahindi yenye kasoro, aache kuyala na kumfikisha hospitalini siku hiyo hiyo, akibeba kiasi kidogo cha mahindi hayo ili yapimwe.